Mistari ya Makaa

Katika nyumba ya Domitille, mtaa wa Kasenga mjini Uvira, kitu chochote kikikwama kilisemwa kuwa kimekuwa punda. Kufuli ikigoma, imekuwa punda. Foleni ya maji isiposogea, imekuwa punda. Hata Jumapili moja padri aliposahau neno katikati ya mahubiri akabaki kinywa wazi, Domitille alimwinamia mjukuu wake na kunong'ona, "Punda," na wote wawili ikabidi wafunike nyuso kwa mikono, wajifanye wanasali.

Punda mwenyewe aliishi ndani ya diski. Marehemu Gaspard, mume wa Domitille, aliileta kutoka Bujumbura mwaka aliponunua televisheni. Ilikuwa desen ya zamani, filamu iliyochorwa kwa mkono, ya kikongwe msaga nafaka na punda wake anayeogopa madaraja. Maneno yalikuwa machache. Kikongwe anavuta, punda anakataa, mto unapita chini yao. Kwa kutazamwa miaka na miaka diski ilipata mkwaruzo, na daima mahali palepale, punda anapoinua mguu wa kwanza ili akanyage ubao, picha iliganda. Hapo aliyekaa karibu alikipiga kisanduku cha kuchezea diski makofi mawili mgongoni, kwa kiganja kilicho wazi, si kwa hasira. Punda akavuka.

Domitille alimpenda punda yule kwa sababu ambayo majirani wangeicheka. Yeye alikuwa mtu wa broderi. Alijifunza wakati wa usichana wake kwenye jumba la akina mama la parokia: unachora ndege au ua kwa penseli juu ya kitambaa, kisha uzi unaufuata mstari hadi mwisho, bila kuupunguza wala kuukimbia. Vitambaa vyake vya meza na mashuka yake ya harusi yalikwenda hadi Runingu na Lubarika, na mengine yalipanda milima hadi Bijombo juu ya vichwa vya mabibi harusi. Kwa hiyo aliujua mstari. Alijua kwamba mkono hauwezi kuurudia mstari uleule mara mbili. Na alikuwa ameona, tangu siku ya kwanza, kwamba mgongo wa punda ulitetemeka kidogo hata punda aliposimama kimya.

"Iko napumua," alimwambia Gaspard.

"Nani?"

"Mustari. Kuna muntu alikaa akachora huyu punda, akachora tena, akachora tena, mupaka akatembea. Na hapa ku sikio, ona, alikuwa na njaa."

Gaspard alicheka hadi akakohoa. Lakini tangu siku ile, kila sikio lilipopita, yeye ndiye aliyesema, "Njaa hiyo."

Gaspard alikufa. Baadaye, taratibu, bila kelele, macho ya Domitille nayo yakaanza kuondoka. Kwanza tundu la sindano. Kisha rangi za nyuzi, bluu na kijani zikawa ndugu. Aliiweka broderi ndani ya sanduku na kuwaambia watu kwamba mgongo unamuuma. Mwuguzi wa kituo cha afya alimmulika kwa tochi, akavuta pumzi.

"Mama Franck, uko na mtoto wa jicho. Pande zote mbili."

"Ku uzee hii?" Domitille akajibu. "Tena mapacha?"

Mwuguzi alicheka, na yeye akacheka pamoja naye. Lakini njiani kurudi, akiwa na mkono kwenye ukuta wa nyumba za watu, kicheko kilimwishia, kwa sababu alimkumbuka mtoto yule mwingine.

Mtoto huyo aliitwa Chance. Alikuwa binti wa Franck, mwana pekee wa Domitille. Mama yake Chance alifariki mtoto akiwa bado hajajua kusema. Franck akapata kazi Bukavu, akaoa tena mwanamke mwema, akapanga nyumba, na mara kwa mara alisema kwamba sasa kuna nafasi. Hakusema kwa ubaya. Noeli iliyopita alikuwa amemwona mama yake akimimina chai pembeni ya kikombe, juu ya kitambaa alichokishona kwa mkono wake mwenyewe. Alinyamaza siku ile. Lakini kwenye simu, baadaye, alisema: "Mama, siku nitaona kama hauwezi tena, nitamutwaa Chance. Haitakuwa azabu. Itakuwa juu ya kuwasaidia wote wawili."

"Naweza," Domitille alijibu. "Jicho yangu iko sawa ya kunguru."

Tangu hapo akaanza kazi ngumu kuliko broderi yoyote, kazi ya kuona asichokiona. Aliwasalimia watu kwa sauti zao. Alijua sombe, majani ya muhogo, imeiva kwa harufu, na noti kwa ukubwa wake kiganjani. Milima nyuma ya mji ilikuwa imeyeyuka zamani, na ziwa lilikuwa mwanga tu usiokuwa na mwisho. Kila kitu kilikuwa kinaingia ndani ya mwenzake kama mchuzi ndani ya ugali.

Isipokuwa punda. Punda alikuwa na mstari mweusi pande zote, mnene, wa wino, na ndani ya ukungu ule wote yeye peke yake alibaki na mpaka. Domitille akivuta kiti karibu kabisa na televisheni, alimwona: sikio lenye njaa, tumbo, kwato. Ndiyo maana kila Jumapili baada ya misa alisema, "Tuweke punda," na Chance, ambaye alikuwa ameitazama filamu ile mara zisizohesabika, alisema, "Tuweke, Koko," kama alivyomwita bibi yake, na hakulalamika hata siku moja.

Chance alikuwa na mchezo wake. Tangu mvua zilipoanza, alichukua makaa yaliyozimika jikoni akawa anachora nyumba. Si kuchora watu au magari ukutani, kama watoto wengine. Alichora kingo. Mstari mweusi kwenye ukingo wa ngazi ya mlangoni. Mstari kuzunguka kitasa. Mstari kwenye ncha ya meza. Akafungua sanduku la nyuzi bila ruhusa, akafunga uzi mweusi kwenye mkono wa kikombe cheupe.

"Weye mukewenza," Domitille alimgombeza. Ndivyo alivyomwita tangu Gaspard alipokuwa akimbeba mtoto huyo mgongoni na kujigamba kwamba ameoa bibi wa pili. "Unataka nyumba yangu ifanane na jiko?"

"Ni mapambo, Koko."

"Mapambo gani meusi? Kwani tuko na matanga?"

Chance alicheka, na kesho yake akaongeza mstari mwingine sakafuni, hadi kwenye kizingiti. Domitille akanung'unika, akaacha. Na mguu wake, bila kumuuliza ruhusa, ukaanza kuufuata.

Franck alifika likizo ya Pasaka, amechoka kwa barabara ya tambarare, vumbi hadi kwenye nyusi. Kwenye mfuko wake alikuwa na ordinateri, kompyuta ya kukunja, na bafle ya kuongeza sauti, na filamu mpya kwa ajili ya binti yake.

"Leo tunapumuzisha ule punda wenu ya wazee," akatangaza.

"Punda haiko ya wazee!" Chance akaruka. Kisha, kwa sauti ndogo: "Iko ya nini, hiyo mupya?"

"Ya fisi-maji. Familia muzima. Ngoja utaona."

Walivuta mapazia, maana jua la saa nane lilikuwa kali. Franck aliweka ordinateri mezani na kuichomeka bafle ukutani. Domitille aliketi kwenye kiti chake, akakisogeza mbele, kisha akakirudisha nyuma kidogo ili kisionekane kiko karibu mno. Filamu ikaanza, na mbele ya macho yake ukafunguka ukungu wa rangi ya asali. Ulikuwa ukungu mzuri. Ulitembea, ukajikunja, ukapata joto upande mmoja na ubaridi upande mwingine, lakini haukuwa na mtu ndani.

"Mama, ona manyoya!" Franck alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtoto. "Kila unywele iko nacheza peke yake!"

"Minaona. Manyoya mingi."

"Na hakuna muntu amechora hii. Banatengeneza mwili ndani ya ordinateri, sawa mufinyanzi. Banamutia mifupa, banamutia ngozi, kisha banawasha jua yao mule ndani, na ile jua njo inaweka kivuli."

"Na mustari?"

"Mustari gani?"

"Ya pembeni. Yenye kusema, hapa punda anaisha, hapa daraja inaanza."

Franck akacheka kwa upole. "Mama, mu dunia vitu haviko na mustari. Angalia tu mukono yako."

Domitille aliutazama mkono wake. Kweli, haukuwa na mstari. Uliisha polepole hewani, kama sukari inavyoisha kwenye chai.

"Ni kweli," akasema.

Lakini hakuweza kuichukia filamu ile. Maji yake yalisikika kama ziwa lenyewe asubuhi, linapolamba mawe ya Kalundu kabla watu hawajaamka. Mama fisi-maji alipowaita watoto wake, ndani ya mwito ule kulikuwa na pumzi, na Domitille aliijua pumzi ile. Alikuwa nayo yeye mwenyewe kifuani. Chance aliketi sakafuni, mgongo wake umeegemea magoti ya bibi yake, na kila kilipotokea cha kuchekesha mgongo ule ulitikisika. Basi Domitille akawa anacheka pale mgongo ulipocheka, na kushtuka pale uliposhtuka. Akajiambia: hivi nitafika mwisho.

Ndani ya filamu usiku ukaingia. Fisi-maji mdogo alikuwa amepotea chini ya miamba, na mama yake alizama kumtafuta gizani. Ukungu wa asali ukawa mweusi. Maji yakanguruma. Na hapohapo kila kitu kikanyamaza: maji, mwito, hata muziki wa baa ya ng'ambo ya barabara, hata redio ya jirani.

Domitille aliujua ukimya huo wa umeme kukatika, kama anavyoujua kila mtu wa Uvira. Alingoja kidogo, kwa adabu. Kisha akapumua, akakaza kitenge chake, akasimama.

"Bon. Kurani imeenda," akasema kwa furaha ya mtu aliyefaulu mtihani. "Mwisho tutaona siku ingine. Franck, ilikuwa muzuri sana. Hasa manyoya."

Akapita katikati ya chumba, kati ya mtoto na meza. Mwanga hafifu wa bluu ulipanda kwenye kitenge chake, ukatembea juu ya tumbo lake, ukashuka upande wa pili. Alifika dirishani akashika pazia.

Franck aligeuka kumtazama.

"Mama," Franck akaita.

"Mm?"

"Filme haiyaisha."

"Minajua. Nimesema tutaona..."

"Iko natembea, Mama. Sasa hivi iko natembea. Ni bafle tu njo imezima. Ordinateri iko na betri."

Ndipo Domitille akausikia: mvumo mdogo mno wa feni ya ile mashine, mezani, hai. Kiganja chake kikabaki kwenye pazia.

"Koko alikuwa anaenda kuangalia sombe ku moto!" Chance akasema haraka, amesimama tayari.

"Chance."

"Ni kweli, Papa! Sombe inaunguaka haraka..."

"Chance, acha." Franck alichuchumaa, akamshika mikono. "Koko haonaka?"

Mtoto alitazama chini, akakanyaga kidole kimoja cha mguu kwa kingine.

"Anaona mustari," akasema.

"Mustari gani?"

"Desen ya mukono anaona. Hii ya machini, hapana, inamupotea. Punda anamuona mupaka ku sikio. Njo maana minaweka mistari mu nyumba." Akaonyesha kwa kidevu ngazi, kitasa, ncha ya meza, kikombe chenye uzi. "Ili nyumba nayo ikuwe ya mukono."

Domitille aliuegemea ukuta. Vidole vyake vilikuwa vimeangukia kizingiti cha dirisha, na pale chini yake palikuwa na ule ukavu wa makaa, mstari, mahali ambapo hakujua kama kuna mstari. Msimu mzima wa mvua alikuwa anamficha mtoto huyu giza lake, na mtoto alikuwa analishona giza lenyewe pembeni, kimyakimya, asilifungue, asimwaibishe.

Franck akasimama. Alifungua mapazia, kwa kuwa hakuna lingine alilojua kufanya, na mwanga ukaingia wote kwa mara moja.

"Juu ya nini haukunambia, Mama?"

"Ulisema utamutwaa."

"Na sasa unataka niseme nini? Muntu haone, na moto, na mafuta ya moto, na mutoto mu nyumba!" Sauti yake ilivunjika, akaishusha. "Siko nakasirika na weye. Ninaogopa."

"Minajua, papa," Domitille alisema. Ndivyo alivyomwita mwanawe tangu utotoni, kama akina mama wa kule wanavyowaita wana wao. "Na minye naogopa. Ya kwako ni moto. Ya kwangu ni kimya."

Hakusihi zaidi. Aliketi kwenye kiti chake na kuweka mikono mapajani. Alimsikia mwanawe akienda chumba cha nyuma, akavuta mfuko chini ya kitanda, akaanza kukunja nguo ndogo. Alikuwa anazikunja vibaya. Hilo pia lilisikika.

Chance hakulia. Alitoka hadi jikoni uani, akarudi na kipande cha makaa kikubwa kuliko vyote, akapiga magoti mlangoni na kuanza kuukandamiza mstari wa ngazi. Franck alipotokea na mfuko mkononi, akamkuta hapo.

"Unafanya nini?"

"Ya ngazi inaishaka mbio, juu ya miguu. Na mvua inaifutaka. Ninaiweka nene." Alipuliza vumbi la makaa, akatazama kazi yake kwa jicho la fundi. "Lakini hata nene itaisha, Papa. Nani ataweka ingine?"

Mtoto hakungoja jibu. Aliingia ndani, akasimama mbele ya bibi yake, magoti kwa magoti.

"Koko, unaniona?"

"Nakuona, mukewenza."

"Usidanganye. Uso yangu. Unaiona?"

Domitille aliinamia sauti ilikotoka. "Hapana," akasema hatimaye. "Siku hizi uko moshi yenye sauti."

Chance akainua makaa. Alianzia chini ya sikio, akashuka na taya, akazunguka, akapanda hadi sikio la pili. Akachora nyusi. Akazungusha macho, mdomo, akipaka bila kioo, ulimi umetoka nje kwa bidii.

"Na sasa?"

Domitille alimshika mabega, akamgeuza kuelekea mwanga wa mlango, akasogea hadi pumzi zao zikagusana. Na kutoka ndani ya ukungu, polepole, kama ua linavyotoka kwenye kitambaa cheupe uzi unapofunga mwisho wake, uso ukaja. Haukuwa uso aliokuwa ameuweka kichwani. Ule ulikuwa wa mtoto mdogo, wa duara. Huu ulikuwa umerefuka. Na chini yake kulikuwa na kidevu chenye kibonyo katikati.

"Hii kidevu umeitosha wapi?"

"Ninayo siku zote."

"Hapana. Hapana, hii iko ya Gaspard. Ilikuya lini?" Akakipitisha kidole pembeni, juu ya makaa. Upande wa kushoto mstari ulikuwa unayumba. "Na hapa ku sikio," akasema, na sasa machozi yalikuwa yanashuka bila aibu, "hapa muchoraji alikuwa na njaa."

"Bado hatuyakula, Koko. Sombe iko inaungua kweli."

Domitille akacheka, mtoto akacheka, meno meupe ndani ya mdomo mweusi. Kisha Chance akatupa jicho mlangoni, akasogea kwenye sikio la bibi yake.

"Koko. Papa amekuwa punda."

Franck alikuwa bado pale. Mguu mmoja ndani, mwingine umeinuliwa juu ya ngazi, mfuko wa nguo umemning'inia mkononi, hatoki wala haingii. Macho yake hayakuwa kwao. Yalikuwa kwenye ule mstari mnene chini ya kiatu chake, ambao hakutaka kuukanyaga.

Domitille aliinuka. Mguu wake ukautafuta mstari wa sakafuni, ukauona, ukaufuata. Alifika nyuma ya mwanawe, mtu mrefu kuliko mlango, akampiga mgongoni makofi mawili, kwa kiganja kilicho wazi, si kwa hasira.

Mabega ya Franck yakatikisika. Hata yeye hakujua kama anacheka. Akaurudisha mguu bila kuukanyaga mstari, akarudi ndani, akauweka mfuko chini.

"Mwezi wa saba," akasema alipoweza kusema, "shule zikifungwa, mutapanda Bukavu wote wawili. Kule kuna madaktari ya macho. Banaitosha hiyo kitu mu jicho, ni kazi ya asubuhi moja. Chance atakushika mukono. Kisha mutarudi hapa kwenu."

"Na mupaka mwezi wa saba?"

Alitazama kuta, kitasa, kikombe. "Nitaongea na mama wa pale jirani akuwe napita saa ya kupika." Akasita. "Na nitanunua rangi nyeusi. Ya mafuta. Hiyo mvua haiiwezi."

Walikula sombe iliyoungua chini. Kurani iliporudi, baa ya ng'ambo ikapiga kelele ya shangwe kama kawaida, na Chance, ambaye alikuwa amekataa kunawa uso, akairudisha filamu hadi pale maji yalipokuwa yamenyamaza. Franck aliketi mkekani upande mmoja, mtoto upande mwingine, bibi katikati.

"Sasa mama fisi-maji amemupata," Chance akasimulia. "Banatoka ku maji. Manyoya yabo inashikana."

"Inashikana namna gani?"

Mtoto akafikiri. "Sawa uzi ya broderi yenye imelowana. Ukiifinya, inakuwa tuvidole-tuvidole."

"Aa," Domitille akasema, na akaliegemeza bega lake kwenye bega lile dogo lenye makaa. "Hapo naona."